Nimeuliza kwenye grupu la darasa, wamesoma watu 143, hakuna aliyejibu

"Shikamoo dada. Niko mwaka wa kwanza chuo hapa Dar, natokea Rukwa. Darasa letu tuko 187 kwenye grupu la WhatsApp. Wiki tatu zilizopita usiku saa 4 na dakika 40 niliandika: 'Habari zenu wapendwa, samahani kwa usumbufu, hivi ile asaimenti ya takwimu mmeielewaje? Mimi sijaelewa kabisa.' Nikaangalia waliosoma, 143. Kimya. Baadaye mkaka mmoja akachukua picha yangu ya profaili akatengeneza stika akaandika SIJAELEWA, watu wakacheka, nikafuta meseji yangu ila stika inazunguka mpaka leo. Na kumbe nilichokwama ni kitu kidogo tu, tulipewa magunia ya mahindi ya wakulima 10, mimi SD (kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) napata 6, mwenzangu wa hosteli anapata 6.32, hadi leo sijui nani yuko sahihi. Tangu siku hiyo sijaandika kitu humo, nimelizima sauti. Juzi venyu ya testi ikabadilishwa, tangazo likapita katikati ya meseji za boom, hela ya mkopo, nikafika nimechelewa dakika 40 nikakuta mlango umefungwa. Nataka kujitoa. Nikitoka nakosa matangazo, nikibaki naumia. Hivi darasa zima wananichukia au mimi ndo mjinga? Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Pole sana. Naanza na testi maana hiyo ina muda wake, mengine yanaweza kusubiri. Leo hii, ikishindikana kesho asubuhi, andika barua fupi kwa mwalimu wa somo, ukurasa mmoja unatosha, sema testi ilikuwa lini, venyu ya mwanzo ilikuwa wapi, tangazo la kubadilisha lilitoka saa ngapi, wewe ulifika saa ngapi, ambatanisha skrinishoti ya tangazo muda wake ukionekana, alafu uipeleke kwa mkono ofisini kwake na nakala kwa mkuu wa idara. Usimtumie WhatsApp na usimtume CR, kiongozi wa darasa, akuongelee. Kila chuo kina utaratibu wake, kuna mwalimu atakupa testi nyingine na kuna atakayekwambia taarifa ilitolewa ilikuwa juu yako, siwezi kukuahidi lipi litatokea, ila nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka mingi na nakwambia anayekuja ndani ya siku mbili tatu akiwa na karatasi mkononi anasikilizwa tofauti kabisa na anayekuja wiki ya kuelekea UE, mtihani wa mwisho wa muhula.

Sasa turudi kwenye kinachokuuma. Unauliza kama watu 143 wakisoma swali lako wakanyamaza maana yake wamekukataa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwachukua wanafunzi wa chuo New York wakawaweka kila mmoja chumba chake peke yake, wakawa wanaongea kwa maiki na spika za masikioni kuhusu ugumu wa maisha ya chuo. Hawaonani, wanasikiana tu, kila mtu na zamu yake. Katikati ya maongezi mmoja wao anaanza kubabaika, pumzi zinamkata, anaomba msaada kama mtu aliyeshikwa na kifafa. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, hakuna aliyeumwa kweli, ila wenyewe hawakujua. Kati ya walioamini wako wawili tu kwenye laini, yeye na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kuita msaada kabla sauti ya yule mgonjwa haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31 tu. Wanafunzi wa chuo kile kile, mgonjwa yule yule, kilichobadilika ni idadi ya masikio.

Na kitu ninachopenda kuwasimulia wanafunzi kila mwaka ni kile walichokikuta watafiti walipoingia kwenye vyumba vya wale walionyamaza. Wengi walikuwa wanatetemeka mikono, viganja vimelowa jasho, wanauliza vipi yule mwenzetu, yuko sawa? Walikuwa wanajali. Kila mmoja alijua kuna wengine wanasikia, akabaki anajiuliza kama mwenzake ameshatoka au bado, anaogopa kuonekana ana papara, na dakika zikaenda.

Hebu angalia grupu lenu sasa. Watu hawaonani, wako vyumba tofauti, wanasoma kwa zamu, kila mmoja anajua wapo wengine 186. Tena nyie hamna mtu anayekata pumzi, mna asaimenti ya takwimu. Aliyesoma swali lako saa 5 usiku akiwa amelala kwenye dabo deka alisema moyoni wale vipanga watamjibu, na kipanga mwenyewe akasema nikijibu mimi kila siku wataniona najifanya, akapita. Lingekuwa darasa la watu 4 ungejibiwa usiku ule ule.

Alafu hiyo 143 usiipe uzito ulioipa. Meseji kuhesabika imesomwa maana yake mtu alifungua grupu na meseji ikawa imepita kwenye kioo chake, basi. Aliyekuta meseji 200 akateremka chini kwa kidole gumba kutafuta kama boom limeingia naye amehesabiwa kasoma. Kwenye grupu la WhatsApp huwezi kuzima hizo taarifa za kusoma hata ukitaka, kwa hiyo ile orodha ni ya watu waliofungua mlango, haikwambii nani alikaa kitini akakusikiliza. Naomba usiirudie tena kuiangalia. Najua mnavyofanya, unabonyeza meseji, unaenda kwenye maelezo, unasoma jina moja moja, huyu naye kasoma, huyu tunakaa naye benchi moja kasoma. Hiyo ni njia ya kujichoma mwenyewe.

Kuna na jambo jingine ambalo ni la kila mahali watu wanapoandikiana wakiwa wengi. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika kanuni inayojulikana kama 90-9-1, kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni watu kama 90 kati ya 100 wanasoma tu hawaandiki, 9 wanaandika mara moja moja, na 1 ndo anaandika karibu kila kitu. Si sheria ya hesabu, ni makadirio, ila ukipiga kwa watu 187 unapata kama 2 wanaoongea kila siku na 17 hivi wanaochangia siku moja moja. Fungua grupu lenu uhesabu majina ya wiki hii, utaona haliko mbali na hapo. Kwa hiyo unapodhani darasa zima lilikucheka, waliotuma vicheko ni wangapi hasa? Sita? Tisa? Hao ndo wale wale wanaoongea kila siku. Waliobaki wamekaa kama wewe, na wengi wao, naapa, walikuwa hawajaielewa asaimenti.

Sasa nikwambie na upande wako, kwa upendo. Soma tena ulichowaandikia wao, alafu soma ulichoniandikia mimi. Wao uliwaambia sijaelewa kabisa. Mimi umeniambia wakulima 10, mimi napata 6, mwenzangu 6.32. Ni vitu viwili tofauti kama usiku na mchana. La kwanza ili mtu alijibu inabidi aandike mhadhara mzima kwa vidole viwili saa 5 usiku na bando lake la kuunga unga, na bado hajui aanzie wapi kwa sababu hukusema umefika wapi. La pili mtu analijibu akiwa kwenye daladala kabla hajafika Ubungo. Heshima yako ilikuwa nzuri, wapendwa, samahani kwa usumbufu, hiyo ni adabu ya nyumbani na usiiache, ila ilimeza meseji nzima swali likabaki mkia.

Ungeandika hivi: "Takwimu, asaimenti ya 1, magunia ya wakulima 10. Nimegawanya kwa 10 nimepata SD 6, mwenzangu kagawanya kwa 9 kapata 6.32. Tunagawanya kwa ipi na kwa nini? Picha ya kazi yangu hii hapa." Weka picha ya daftari, mwandiko wako mwenyewe. Watu wanapenda kusahihisha kuliko kufundisha, ukimwonyesha mtu hesabu iliyokosewa mahali hawezi kuvumilia, mkono wenyewe unamwasha. Na utaje mtu. Mtagi mmoja, au wawili, wale uliowaona wakielewa darasani, useme nawaomba nyie mnisaidie hapa. Ukishamtaja mtu kwa jina umemtoa kwenye kile chumba cha watu sita umemrudisha kwenye chumba cha wawili, na asilimia 85 ndo inakaa upande wako.

Usiandike Kiingereza kama kinakukwamisha. Hili halisemwi lakini lipo sana, tunafundisha kwa Kiingereza, mtu anaogopa kuuliza darasani kwa sababu ya Kiingereza, alafu akifika kwenye grupu anaendelea kuogopa kwa sababu vipanga wanaandika Kiingereza. Uliza kwa Kiswahili. Wastani ni wastani.

Kuhusu stika. Hapa sitakwambia ni utani wa chuo utazoea. Kuchukua sura ya mtu bila ridhaa yake, kuibandika neno la kumdhalilisha na kuisambaza kwa watu 187 ni kosa, na aliyefanya anapaswa kuacha. Kufuta meseji yako hakukusaidia, palibaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na hayo ndo yanayofanya watu waulizane alifuta nini. Kuanzia mwaka 2022 admini wa grupu la WhatsApp ana uwezo wa kufuta meseji ya mtu yeyote, ionekane imefutwa kwa wote. Kwa hiyo CR wenu anaweza kuifuta hiyo stika mara moja kila inapotumwa, mwombe inboksi, kwa maneno machache: naomba ufute hiyo stika na umwambie fulani aache kutumia picha yangu. Huna haja ya kueleza unavyojisikia kama hutaki. Nenda pia kwenye mipangilio ya faragha ufanye picha ya profaili ionekane kwa namba ulizozihifadhi tu, kwa sababu kwenye grupu namba na picha yako viko wazi kwa watu wote 187, wakiwemo ambao hata darasani huwa hawaji.

Je, umfuate mwenyewe? Mara moja, inboksi, ukiwa umetulia: "Kaka, ile stika ni picha yangu, sijaipenda, naomba uifute na usiitumie tena." Vijana wengi hapo wanaona aibu wanafuta, nimeshuhudia zaidi ya mara moja. Hifadhi skrinishoti ya hiyo meseji na ya majibu yake, na skrinishoti za stika zenyewe tarehe zikionekana. Kama akiacha, yameisha. Kama akiendelea, au akaanza kukutumia vitu usiku, au wakatengeneza nyingine, au ikageuka maneno ya mwili wako, kabila lako, mambo ya mapenzi, hapo usibishane tena mtandaoni hata neno moja. Chukua hizo skrinishoti uende kwa mshauri wa wanafunzi, vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia pia, uende kwa miguu na rafiki mmoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kifungu cha 23 inakataza kabisa kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo picha yako inaingia humo. Sikwambii ukimbilie polisi kwa stika moja. Nakwambia ujue kwamba unachodai ni haki yako, hujadeka.

Haya, ubaki au utoke. Kutoka inawezekana, siku hizi ukitoka WhatsApp wanaoarifiwa ni maadmini tu, grupu halitangaziwi. Ila mimi nakushauri usitoke muhula huu, kwa sababu umeona mwenyewe juzi, kuzima sauti tu kumekugharimu testi. Tatizo la lile grupu ni kwamba limebebeshwa kazi tatu, matangazo, masomo na vijiwe, na vijiwe siku zote vinashinda. Meseji ya venyu ina mistari miwili, stori za boom zina mistari mia tatu. Dawa yake CR anayo kwenye simu yake, anafungua grupu la pili la matangazo peke yake, anaweka maadmini tu ndo waandike, hiyo ipo tangu mwaka 2018. Hilo wewe na wote mnaliacha na sauti, lile la zamani zimeni mpumue. Hata kabla hajafanya hivyo anaweza kulibandika tangazo la venyu juu ya grupu likakaa siku 7. Mwambie, na umwambie kilichokupata, nina imani ataelewa maana CR huwa wanalaumiwa sana kwa haya mambo na wengi hawajui kama dawa ipo.

Kuna watakaokwambia hamieni Telegram. Faida ipo, mtu aliyechelewa kujiunga anaweza kusoma ya nyuma, madesa, yaani notsi za masomo, hayapotei, na grupu moja mnaweza kuligawa mada kwa mada, takwimu huku, uchumi kule. Ila nimeona madarasa yakihama nusu, nusu ikabaki, tangazo linawekwa sehemu moja wengine wanalikosa, mnarudi pale pale. Kama hamhami wote bora msihame.

Chenye nguvu kuliko vyote hivyo, na ambacho wanafunzi hawakitumii, ni ukumbi wa majadiliano wa somo kwenye Moodle, ule mtandao wa masomo wa chuo, kama chuo chenu kinayo. Najua mnaingia kule kupakua slaidi tu. Pale mwalimu anaona swali, jibu linakaa hadi muhula uishe, hakuna stika, na ukikosea ukiwahi unarekebisha, kwa kawaida Moodle inakupa dakika 30. Kuna hata aina ya mjadala ambao huwezi kuona majibu ya wenzako mpaka uandike lako kwanza, hapo wale wa kudesa wanakwama. Mwombeni mwalimu aufungue, wakienda wanafunzi wanne kwa pamoja mara nyingi hakatai.

Ukiona aibu hujaianza wewe. Pooja Sankar alisoma kompyuta pale IIT Kanpur, India, akiwa kati ya wanawake wachache sana darasani, wavulana wanakaa pamoja maabara wanaulizana, yeye anaona haya kuwauliza, anakaa pembeni anahangaika peke yake. Miaka baadaye, akiwa chuo cha Stanford, Marekani, akatengeneza Piazza, sehemu ya darasa kuulizana maswali mtandaoni, na mwanafunzi anaweza kuuliza bila jina lake kuonekana kwa wenzake. Alitengeneza kitu alichokikosa. Nyie hamna Piazza hapo lakini wazo lake mnaweza kulitumia, ongeeni na CR, awe anapokea maswali inboksi anayaweka yeye kwenye grupu bila jina. Kwa darasa la mwaka wa kwanza hilo peke yake linafungua midomo mingi.

Na kwa wewe binafsi, anza na watu wanne. Wewe, mwenzako wa hosteli, na wawili mnaokaa karibu darasani. Grupu dogo, jina la kawaida, somo moja. Humo huwezi kupigiwa kimya, mkiwa wanne asiyejibu anaonekana. Mkikwama wote wanne ndo mmoja anapeleka swali kwenye lile kubwa, na linakwenda kama swali la watu wanne, halina sura ya mtu mmoja ya kubandikwa stika.

Kitu cha mwisho cha kukuangalia. Umeniambia wiki tatu hujaandika kitu. Kama ni grupu tu, sawa. Ila kama umeanza kukwepa na darasani, huli vizuri, unalala ukiamka hutaki kutoka kitandani, unatamani kurudi Rukwa, usisubiri, nenda kitengo cha ushauri nasaha cha chuo, au mwambie mama au dada mkubwa nyumbani leo. Huko si kwa wagonjwa tu, mwaka wa kwanza mbali na nyumbani unaangusha watu wengi na ana kwa ana mtu anakuona uso, mimi hapa nasoma maandishi tu.

Alafu swali lako, maana hakuna aliyekujibu. Wewe na mwenzako mmepata jumla moja ya miraba ya tofauti, 360. Wewe umegawanya kwa 10 ukapata 36, kipeo chake cha pili 6. Yeye kagawanya kwa 9 akapata 40, kipeo chake 6.32. Hesabu zenu zote mbili hazina kosa, tofauti iko kwenye hao wakulima ni akina nani. Kama asaimenti inasema kijiji kina wakulima wengi na hao 10 wamechaguliwa tu, basi ni sampuli, mwenzako yuko sahihi, kwa sababu ule wastani mmeutoa kwa hao hao 10 kwa hiyo umejisogeza karibu nao kuliko wastani wa kijiji kizima, tofauti zinatoka ndogo kuliko zilivyo, na kugawanya kwa 9 kunarudisha kilichopungua. Pia ukishajua tofauti 9, ile ya 10 huna uhuru nayo, lazima zote zijumlishwe zije sifuri. Kama hao 10 ndo wakulima wote waliopo, wewe ndo uko sahihi. Soma tena mstari wa kwanza wa swali, utaona limesema lipi, alafu mwonyeshe mwenzako.